Jaji Aliyemkosoa Mama

"Namba thelathini na saba haiwezi kushinda," Mkutubi alisema, na sauti yake ikakatika pale mwishoni, mahali ambapo hakutaka ikatike.

Kalamu ya Nukta ikasimama hewani. Bi Taarifa akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Chumba cha mikutano cha maktaba, chenye meza moja ndefu na viti sita, kikawa kimya, ukiacha feni iliyokuwa ikilalamika tangu asubuhi.

"Hebu rudia," Nukta alisema taratibu. "Labda masikio yangu leo yameamka vibaya."

"Umenisikia. Tuiondoe, tuchukue inayofuata."

"Tuiondoe! Hadithi imepata alama tisini kwangu, themanini na nane kwa Bi Taarifa, na mwenzetu aliye safarini amepiga simu kuuliza mwandishi ni nani, tuiondoe?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

Mkutubi akatazama meza. 

Sasa kabla hujamlaumu binti wa watu, ngoja uelewe alikuwa amekalia moto gani. Yale mashindano ya hadithi fupi yalikuwa yake, mwaka wa tatu sasa. Yeye ndiye aliyebandika matangazo, yeye ndiye aliyepokea hadithi kwa posta, akaipiga kila moja muhuri wa namba, na namba ile ile akaipiga kwenye bahasha ambayo mwandishi mwenyewe ameifunga, fomu yenye jina lake ikiwa ndani. Bahasha zote zililala kwenye kabati la chuma, na ufunguo alikaa nao mkuu wa maktaba. Mratibu mwenyewe haruhusiwi kusoma hadithi mpaka majaji wabakize kumi za mwisho. Kanuni zote kumi na moja alizitunga yeye kwa mkono wake, na aliyoipenda kuliko zote ni ile isemayo kila mwandishi, ashinde asishinde, atapata karatasi ya maoni ya majaji. Mwaka huu zilikuja hadithi sitini na tatu. Watu sitini na watatu walikaa chini baada ya kazi zao wakaandika, wakamwamini yeye. Kila alipopiga muhuri alisema asante kimoyomoyo, mara sitini na tatu, wala hakuona aibu.

Na Nukta? Ah, Nukta. Ni msahihishaji katika kampuni ya vitabu, mrefu, mpole, shati lake la mikono mirefu halikosi doa la wino kwenye pindo. Wenzake kazini walimpa jina hilo kwa sababu hawezi kupitwa na sentensi isiyo na nukta, hata kama imeandikwa kwenye kopo la dawa ya viatu. Mwaka mmoja uliopita alikuja maktaba kutafuta kamusi ya zamani. Kamusi aliipata siku ile ile, lakini aliendelea kuja kuitafuta kwa miezi miwili. Mkuu wa maktaba alipoombwa ruhusa ili Nukta awe jaji, alicheka, akasema, "Mradi usimwonyeshe majina, mengine hayanihusu."

Kilichobaki kilikuwa kumwoa. Na hapo ndipo palipokuwa na mama.

Miezi mitatu nyuma, Nukta alikwenda nyumbani kwa kina Mkutubi kwa mara ya kwanza. Ni nyumba ya ghorofa ya nne, lifti hakuna. Mama, fundi cherehani, mjane kwa miaka kumi na tisa sasa, alimpokea vizuri tu. Alipunguza redio iliyokuwa ikipiga kelele, akamkalisha kwenye kiti cha wageni, na baada ya chai akampa kile anachompa kila mgeni anayempenda, yaani kisa cha jinsi alivyokutana na marehemu mumewe. Majirani wanakijua kwa moyo. Kinaanzia kwa shangazi aliyemlea, kinapita kwa ndoa za shangazi, zote tatu, ndipo kinafika kwenye foleni ya posta ambako kijana mmoja alimuazima kalamu.

Nukta alisikiliza ameshika tama, macho yanameremeta. Kikaisha. Angesema "maskini," angesema "hongera," yote yangekwenda sawa. Lakini msahihishaji ni msahihishaji.

"Mama, kisa kitamu sana," alisema kwa nia njema kabisa. "Ila ungeanzia pale kwenye foleni. Yale ya shangazi yote yangeweza kukatwa, wala hupotezi kitu."

Mkutubi alitamani sakafu ipasuke.

"Shangazi yangu akatwe?" mama aliuliza.

"Si kwamba akatwe, mama, yaani..."

"Aliyenilea?"

Nukta alijaribu kurekebisha, na kila alivyorekebisha alizidi kuzama. Alipoondoka, mama akakusanya vikombe, kisha akatoa hukumu akiwa amempa binti yake mgongo. "Mwanamume huyo leo amemkata shangazi. Kesho atanikata mimi. Simtaki."

Alibembelezwa, akakataa. Nukta alirudi na kuomba radhi, akaambiwa fundi ana wateja. Siku zikasonga, na sasa kampuni ilikuwa inamhamishia mji mwingine kwenda kusimamia tawi jipya. Zilibaki siku kumi na saba.

"Siwezi kuolewa mama akiwa amenuna," Mkutubi alikuwa amemwambia Jumapili, wamekaa kwenye benchi nje ya maktaba. "Tumebaki wawili, mimi na yeye. Ukinipenda hilo lielewe."

"Nalielewa," Nukta alijibu. "Wala sikuombi utoroke. Ila nikiondoka bila jibu, sijui kama nitakuwa na nguvu ya kurudi na kukataliwa upya kila mwezi. Mimi pia ni mtu."

Kwa hiyo siku ile, pale mezani, walikuwa wameshachoka mioyo. Ugomvi haukuwa na safari ndefu.

"Nakuuliza kama jaji," Nukta alisema. "Nimesoma hadithi hii mara nne. Nimeiandikia kurasa mbili za maoni. Kuna mtu huko, sijui mwanamke sijui mwanamume, ameketi akaandika kitu ambacho wenye majina makubwa hawakiwezi. Na wewe, wewe unayesema kila mwandishi anastahili heshima, unataka kumtupa bila hata sababu?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha."

"Umepandisha, baba," Bi Taarifa aliingilia. Huyu mama alisoma taarifa ya habari redioni kwa miaka ishirini na minane, na mpaka leo akiomba chumvi mezani watu wanaacha kula kumsikiliza. "Umepandisha kidogo. Na wewe, binti, umekunja uso tangu saa nne. Semeni, nini kinaendelea? Hadithi imeibwa mahali?"

"Hapana."

"Mwandishi unamjua?"

Machozi yakamtoka Mkutubi palepale, bila taarifa.

Ukweli ni huu. Asubuhi ile alikuwa amesimama kwenye mashine ya kutoa nakala, akitayarisha zile kumi za mwisho, na kwa mara ya kwanza mwaka huu ruhusa ya kusoma ilikuwa yake. Akatupia jicho ukurasa wa kwanza wa namba thelathini na saba. Ilipigwa chapa vizuri, bila shaka kwenye duka la huduma za kompyuta. Ilimhusu mama mmoja aishiye ghorofa ya juu na binti yake mwalimu. Kila jioni mama huyo huzima redio ili asikie hatua za binti yake kwenye ngazi. Kwa hatua tu anajua siku ilikuwaje. Zikija mbilimbili, kuna furaha. Zikisimama kwenye ghorofa ya pili, kuna mtu kamuudhi kazini. Kisha, hatua zikifika mlangoni, mama anawasha redio kwa sauti ya juu kabisa, ili binti asijue kwamba alikuwa anasubiriwa.

Mkutubi alisoma akasahau mashine. Ilipozimika yenyewe kwa kuishiwa karatasi, ilikuwa imetoa nakala arobaini za ukurasa mmoja. Maana tangu ana akili zake, kila akifungua mlango wa kwao, redio inapiga kelele. Ameigombea hiyo redio miaka na miaka. Alishampeleka mama yake kupimwa masikio, mara mbili.

Alisoma mpaka mwisho. Katika hadithi, jioni moja hatua zinakuja zikiwa na hatua nyingine nyuma yake, nzito, za mwanamume. Mama anasikiliza, anaomba mwanamume huyo awe na haraka, ampite binti, amwache na mkoba wake mzito wa madaftari, ili apate sababu ya kumchukia. Lakini zile hatua nzito zinakwenda polepole, ngazi kwa ngazi, zikimngoja binti. Mama anakosa sababu. Mlango unafunguliwa. Basi, hapo hadithi inakwisha.

Kanuni ya sita: ndugu wa karibu wa waandaaji na majaji hawaruhusiwi kushiriki. Mkutubi akinyamaza, mama yake anashinda na mashindano yanakuwa uongo mbele ya watu sitini na wawili waliomwamini. Akisema, siri ya moyo wa mama inaanikwa mezani, mbele ya mwanamume yule yule ambaye mama hataki hata kumwona. Na mama akijua imeanikwa, hizo siku kumi na saba zimeisha siku hiyo hiyo.

"Namjua," alisema sasa, akijifuta kwa kiganja. "Siwezi kusema zaidi. Naombeni tu mniamini."

Nukta akaweka kalamu chini. Alimtazama kwa muda, na hasira ikamtoka usoni pole pole, akabaki mtu anayempenda mwenzake na hajui kinachomuuma. "Mpenzi," alisema, akasahau kabisa kwamba Bi Taarifa yupo. "Nakuamini. Lakini hadithi hii ina mwenyewe. Tukiiondoa bila sababu, tumemdhulumu."

"Kanuni ya tisa," Bi Taarifa alisema. "Hadithi ikitiliwa shaka, bahasha yake ifunguliwe mbele ya majaji. Uliiandika wewe, binti yangu. Kamwite mkuu alete ufunguo."

Kanuni mtu anajitungia, halafu zinamrudia!

Mkuu wa maktaba akaja, akafungua kabati, akawakabidhi bahasha, akaondoka kwenda kupokea simu. Mkutubi aliishika ikawa nzito mkononi. Akashindwa kuichana. Bi Taarifa akaichukua, akatoa fomu, akasafisha koo, na kwa ile sauti iliyowahi kuwaamsha watu nchi nzima akasoma jina. Jina la mama, likiishia na la marehemu baba.

Nukta hakulishtukia. Kwake yeye mama alikuwa "mama" tu.

"Kazi: fundi cherehani," Bi Taarifa aliendelea. "Uhusiano na waandaaji au majaji: mratibu ni mwanangu. Jaji mmoja anataka kumwoa."

Feni ikalalamika peke yake.

"Kuna maneno hapa chini kwa kalamu," Bi Taarifa alisema, na sasa sauti haikuwa ya redioni tena. "Anasema hivi. Najua kanuni ya sita. Sitaki kushindana na mtu wala sitaki zawadi. Nataka maoni tu, maana mmetangaza kwamba kila mtu atapewa. Asanteni kwa kunisoma."

Mkutubi alilia bila kujificha. Kumbe mama hakuvunja kanuni. Aliandika ukweli wote, akaufungia ndani ya bahasha ambayo kwa utaratibu wa binti yake mwenyewe hakuna ambaye angeifungua mapema. Nusu ya kilio ilikuwa ya aibu kwa kumfikiria vibaya, na nusu ilikuwa shukrani tupu.

"Ngoja," Nukta alisema. Alikuwa amesimama.  "Ngoja kwanza. Huyu ndiye mama? Mama mama?"

"Mama mwenyewe."

"Na ile redio siku ile... na zile hatua ni zangu?"

"Ni zako."

Akakaa. Akasimama tena. "Karatasi ya maoni! Iko wapi karatasi yangu ya maoni?"

"Ipo kwenye jalada. Kwani vipi?"

"Nimemkosoa!" Nukta alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu, nimemkosoa mama yako mara ya pili!"

Bi Taarifa alicheka mpaka akatoa leso. Nukta akaomba aandike upya, aya moja tu, ile ya mwisho, dakika tano hazitafika. Mkutubi akamshika mkono, mkono wenye doa la wino kwenye pindo la shati, akautuliza mezani.

"Ulichomwandikia ni cha kweli?"

"Ni cha kweli, lakini..."

"Basi kitakwenda kama kilivyo. Na wengine sitini na wawili vyao vinakwenda kama vilivyo." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Na nitakupeleka wewe mwenyewe ukamkabidhi."

"Leo?"

"Leo. Mimi sitaki tena kuhesabu siku."

Waliandika kwenye daftari kwamba namba thelathini na saba imejitoa kwa kanuni ya sita, namba kumi na mbili ikapanda juu, Bi Taarifa akatia saini ya mwisho. Alipomaliza alimvuta Nukta pembeni. "Baba, usijitetee. Ukianza kujitetea unaharibu. Nenda, kaa, nyamaza."

Saa kumi na moja jua bado lilikuwa kali. Walipanda zile ghorofa nne bila kuzungumza, Nukta nyuma, bahasha ya kaki kifuani kwake. Kwenye ngazi za mwisho, hatua chache kabla ya mlango, Mkutubi alisikia redio ya kwao ikiwaka ghafla huko juu, akasimama, akaegemea ukuta.

"Unaumwa?" Nukta alinong'ona.

"Hapana. Nashukuru tu. Twende."

Mama alikuwa kwenye cherehani, anashona kola. Alimwona binti, akamwona aliye nyuma ya binti, akaiona bahasha yenye muhuri wa maktaba. Mguu wake ukaacha kukanyaga. Akanyoosha mkono, akazima redio yote.

"Shikamoo, mama," Nukta alisema.

"Marahaba." Mama hakumkaribisha kiti. Akanyoosha kiganja. "Nipe nilichokingoja."

Nukta akampa. Mama akavaa miwani yake ya kutungia uzi na kusogea dirishani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akageuza. Akasoma wa pili. Akarudi wa kwanza. Chini huko barabarani muuza magazeti alipita akinadi, akapotea kona. Nukta alisimama wima kama mtu anayesubiri majibu ya daktari, na Mkutubi alimuombea kwa kila alichojua kuomba.

"Hapa," mama alisema hatimaye, akaanza kusoma kwa sauti. "Mwandishi, asante. Nimesoma hadithi sitini na tatu, na hii ndiyo iliyonifanya niache kalamu nikasimama dirishani. Mama huyu hasemi hata mara moja kwamba anaogopa, lakini nimeogopa pamoja naye. Mimi nilimpoteza mama yangu nikiwa chuoni. Sikuwahi kujiuliza kama naye alisikiliza hatua zangu. Sasa najua alisikiliza. Umenipa kitu ambacho sikujua nakikosa." Mama akainua macho. "Hili ulilitunga ili kunifurahisha?"

"Sikujua ni wewe, mama. Namba tu ndiyo niliyoiona."

"Hilo nalijua. Ndiyo maana nikaandika. Mtu akijua anayemsoma ni mama wa mchumba, atasifu hata orodha ya vifungo. Nilitaka kuona unamsomaje mtu usiyemjua, mtu asiyekusaidia kitu." Akashusha macho tena kwenye karatasi. "Sasa huku chini. Kosa ni moja, nalo ni kubwa. Mlango unafunguliwa, halafu hadithi inakwisha. Mwandishi anajua anachotaka kumwambia binti na mgeni wake, amekinyamazia kwa woga. Usikinyamazie. Yule binti angependa kukisikia."

Nukta akavuta pindo la shati. Ilionekana wazi anataka kujitetea, mdomo ukafunguka, akakumbuka alichoambiwa na Bi Taarifa, akaufunga.

"Una ujasiri wewe," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Yaani hapana, mama."

"Ungeniandikia haina kosa, ningekupa karatasi yako ukashuka nayo." Alivua miwani. Macho yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Nilijua ina kosa. Nimekaa na mwisho ule wiki tatu. Nikiandika amkaribishe, naona nyumba imebaki tupu. Nikiandika amfukuze, naona mwanangu anazeeka akinichukia. Nikaona bora niache."

"Mama," Mkutubi alisema, akamsogelea. "Miaka yote hii nakwambia punguza redio. Miaka yote. Nikakupeleka na kwa daktari wa masikio."

"Mara mbili."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Nikuambie nini? Kwamba mwanamke mzima nakaa nahesabu ngazi? Ungeanza kunionea huruma. Ungeacha kutoka na wenzako, ungeacha kuishi. Mimi nilitaka urudi nyumbani kwa sababu umependa kurudi."

Mkutubi alimkumbatia, akazika uso kwenye ile shingo yenye kamba ya kupimia nguo. "Asante," alisema. Alilisema tena na tena, na mama akampigapiga mgongoni kama alivyokuwa akimbembeleza utotoni, huku akimtazama Nukta juu ya bega la binti.

"Na wewe. Shangazi yangu."

"Nilikosea, mama. Nilisikiliza kisa chako kama kazi ya mezani. Nilipaswa kukisikiliza kama mgeni wako. Nisamehe."

"Nimejaribu kukiandika kwa kuanzia kwenye foleni ya posta, kama ulivyosema."

"Na ikawaje?"

"Kimekuwa kizuri zaidi," mama alisema kwa uchungu. "Ndicho kilichoniudhi."

Mkutubi akaangua kicheko na machozi yakiwa bado usoni. Nukta hakuthubutu kucheka. Mama akamsogeza binti pembeni kwa upole, akaenda kwenye sanduku la vitambaa lililo chini ya meza ya kukatia, akatoa vipande vya satini, vya pamba, vya khaki, na chini yake yakaonekana madaftari ya shule, membamba, yamefungwa pamoja kwa utepe. Akayaweka juu ya cherehani.

"Hadithi ziko tisa humu," alisema. "Nilianza mwaka ule alipofariki baba yake. Hakuna aliyejua, hata huyu hajui. Mchana nashona, usiku naandika. Hii ya ngazi ndiyo ya kwanza kutoka nje ya nyumba hii, na ndiyo ya kwanza kusomwa na mtu." Alinyoosha utepe kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu anayeomba. "Umehamishwa, nimesikia. Utamchukua mwanangu, na hilo ni haki yake. Lakini mkienda wote wawili, hizi nani atazisoma?"

"Mimi," Nukta alisema.

"Zote?"

"Zote tisa. Nitapanda basi kila mwisho wa mwezi nije kuzichukua hapa hapa, na maoni nitakuletea mwenyewe. Na ukiandika ya kumi, nayo."

"Na ukikuta makosa?"

Nukta alimtazama Mkutubi, kisha akamtazama mama. Aliogopa, ilionekana anaogopa, na akasema hivyo hivyo. "Nitakuambia, mama."

 Mama akachukua daftari la juu, akalifuta vumbi la nyuzi kwa kiganja, akamwekea mkononi.

"Waambie watu wako waje Jumamosi," alisema. "Na hilo lisome kabla hawajaja, nisikae na wasiwasi wa vitu viwili kwa siku moja."